Pikipiki ya Kuangukia

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)



Leo naanza kwa kuungama. Kwa miaka mingi nimeketi mbele ya kipaza sauti nikiwasema vijana wa bodaboda. Nimewaita wakaidi, nimesema hawana elimu ya barabarani, nimewataka wakapate mafunzo. Maneno hayo ni mepesi kutamka. Waziri huyatamka akifungua wiki ya usalama barabarani, kamanda wa trafiki huyatamka, shehe na padri huyatamka makaburini. Kisha kila mmoja wetu hupanda gari lake akaenda zake, na bodaboda hubaki na barabara yake.

Miezi michache iliyopita nilikuwa Kibaha, pale Maili Moja, nikimsubiri mwenzangu. Kijana mmoja wa kijiweni akanitambua kwa sauti. "Shikamoo mama," akasema. "Wewe si ndiye unayetusema redioni?" Nikaitikia marahaba, nikakiri kwamba ndiye mimi. Akaniuliza, bila ufidhuli wowote: "Hiyo pikipiki unayoisemea, mama, umewahi kuiendesha hata siku moja? Na hayo mafunzo unayotuambia twende, umewahi kuyaona yanavyofanyika?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nimesomea kazi hii ya habari, na jambo la kwanza tulilofundishwa chuoni ni kwamba usimulie ulichokiona. Nami nilikuwa nikisimulia nisichokiona.

Basi, nikaamua kwenda kujifunza. Nikatafuta leseni ya kujifunzia, nikalipa ada, nikajiandikisha katika kozi ya wanaoanza. Ilikuwa ya siku tano, nayo ilifanyika uwanjani, hapo hapo Kibaha. Tulikuwa wanafunzi 9. Alikuwapo muuguzi mmoja anayezungukia vijiji kwa kazi ya chanjo, alikuwapo bwana shamba, na vijana 6 wa bodaboda ambao walikwisha kuendesha miaka miwili au mitatu lakini hawakuwa na leseni. Wa 9 nilikuwa mimi, mtu mzima mwenye miaka zaidi ya 40 na goti linalolia wakati wa masika.

Asubuhi ya kwanza tuliletewa pikipiki za kujifunzia. Zilikuwa 4, ndogo za cc 125. Nakuambieni kweli, nilipoziona moyo ulinishuka. Tangi moja lilikuwa limebonyea kama sufuria ya shughuli. Nyingine ilikuwa na kioo kimoja cha pembeni. Ya tatu indiketa yake ilifungwa kwa mpira wa tyubu, na ya nne sehemu ya kukanyagia mguu ilikuwa imepinda ikanyooshwa na fundi wa kuchomelea. Zote zilikuwa na vyuma vya kinga ubavuni, na vyuma hivyo vilikuwa vimesuguliwa na mchanga mpaka rangi ikaisha. Nikamnong'oneza muuguzi: "Tumelipa ada nzima, tunapewa mikweche?"

Mwalimu akanisikia. Akaniita kando, akachuchumaa karibu na ile yenye tangi bovu. Akanionyesha matairi: mapya. Akanionyesha waya wa klachi na waya wa breki: mipya. Akanionyesha mnyororo uliotiwa mafuta. Kisha akasema: "Dada, rangi sikujali. Hizi zimekwisha kuanguka mara nyingi, hazina cha kupoteza. Ninyi ndio mnacho."

Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa kesho yake.

Siku ya kwanza hatukuwasha injini mpaka jua lilipofika utosini. Tulisukuma pikipiki zikiwa zimezimwa, tukazunguka nazo uwanja, tujue uzito wake unavyoelemea upande huu na upande ule. Tulifundishwa namna ya kuinyanyua ikianguka: unaigeukia mgongo, unachuchumaa, unashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha kiti kwa mkono wa pili, kisha unairudisha juu kwa nguvu za miguu, kiuno kikiwa kimenyooka. Muuguzi, mwanamke mwembamba kama ufito, aliinyanyua peke yake, na vijana wakampigia makofi.

Kisha ikaja klachi. Ndugu msikilizaji ambaye hujapata kuendesha, nikueleze kidogo. Mkono wa kushoto unashika klachi, mkono wa kulia unavuta mafuta na kushika breki ya mbele, mguu wa kushoto unabadili gia, na mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma. Kila kiungo kina kazi yake, na vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kama hiyo haitoshi, gia zenyewe hazifanani. Ziko pikipiki ambazo gia zote hukanyagwa kwenda chini, na ziko ambazo ya kwanza iko chini na zilizobaki hupandishwa juu. Mtu aliyezoea ya namna moja, akipewa ya namna ya pili, atapandisha gia pale alipotaka kushusha. Jambo hilo vijana wale walilijua, lakini walilijua kwa kuumia.

Siku ya pili tukaanza kuzunguka koni. Nilizunguka vizuri mara tatu, nikaanza kujiona hodari. Mara ya nne usukani ukiwa umekatwa, niliogopa kitu nisichokijua, nikabana breki ya mbele kwa ghafla. Pikipiki ikalala, nami nikalala nayo.

Nilikaa chini mchangani, na nilichofikiria kwanza, ndugu zangu, si goti langu. Nilifikiria gharama. Nilitazama kioo, nikatazama taa. Mwalimu akaja kwa hatua za kawaida tu. Akauliza: "Umeumia?" Nikasema hapana. Akasema: "Haya, inyanyue. Umeona sasa kwamba breki haibanwi usukani ukiwa umekatwa. Rudia." Basi, yakaishia hapo. Hakuandika chochote kwenye daftari, wala hakuikagua pikipiki.

Kijana mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami akasema kwa sauti ya chini: "Mama, ingekuwa ni ya tajiri wangu, swali la kwanza lingekuwa, taa imevunjika?"

Hapo ndipo nilipouelewa ule mkweche. Thamani ya pikipiki ya kujifunzia ni kwamba mtu anaweza kuangukia nayo pasipo kudaiwa. Ukimwondolea mwanafunzi hofu ya deni, anabakiwa na nafasi ya kujaribu. Na asiyejaribu hajifunzi.

Siku ya tatu ilikuwa ya breki. Mwalimu alichora mstari wa chokaa. Kila mmoja alikuja kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na akifika kwenye mstari anafunga breki ya nyuma peke yake. Pale aliposimama, tuliweka jiwe. Kisha akarudia kwa breki zote mbili, ya mbele ikibanwa taratibu kwa nguvu inayoongezeka, mtu aking'amua tairi linavyong'ang'ania ardhi. Tukaweka jiwe la pili. Mimi kwa breki ya nyuma nilisimama baada ya hatua 11, nikiserereka kama mtoto juu ya ngozi ya ndizi. Kwa breki zote mbili nilisimama baada ya hatua 7.

Hatua 4 si nyingi. Ndizo hatua za kutoka kitandani mpaka mlangoni. Lakini barabarani hatua 4 ndiyo tofauti kati ya kusimama mbele ya mtoto na kumgonga.

Aliyeshangaa zaidi hakuwa mimi, alikuwa kijana aliyeendesha bodaboda miaka mitatu. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kuigusa breki ya mbele. Alipoulizwa kwa nini, wenzake watano wakaitika pamoja naye: kijiweni huambiwa kwamba breki ya mbele ni kifo, itakubinua kichwa chini miguu juu. Kila anayeanza huambiwa hivyo na aliyemtangulia, na aliyemtangulia naye aliambiwa hivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba pikipiki inapofunga breki, uzito mwingi huelemea mbele. Tairi la mbele hukandamizwa ardhini likapata nguvu ya kushika, na la nyuma huwa jepesi, likaserereka. Kwa hiyo anayetegemea breki ya nyuma tu anategemea tairi lililokwisha kupoteza nguvu. Ni kweli breki ya mbele ikibanwa kwa ghafla, au usukani ukiwa umekatwa, au kwenye mchanga mwingi, itakuangusha, kama ilivyoniangusha mimi. Dawa yake ni kujua kuitumia, na kujua huko hakupatikani kwa maneno. Kunapatikana kwa mkono, mara 20, mara 30, mahali ambapo kukosea hakuui mtu.

Wala msidhani kwamba ujinga huo ni wa kwetu peke yetu. Mwaka 1981 ilitoka taarifa ya uchunguzi mkubwa uliofanywa huko Los Angeles, Marekani, na Profesa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Walikwenda wenyewe kwenye ajali 900 za pikipiki wakazipima papo hapo. Waligundua kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Waligundua vile vile kwamba wengi walikanyaga breki ya nyuma mpaka tairi likaserereka, na ile ya mbele hawakuitumia inavyopasa. Wamarekani wale na vijana wetu wa Maili Moja hawajuani, lakini walifundishwa somo moja na mwalimu mmoja, naye ni jirani.

Wenzetu walifanya nini? Marekani taasisi ya usalama wa pikipiki iliundwa mwaka 1973, na kozi zake za wanaoanza hufanyika katika uwanja uliofungwa, na mahali pengi mwanafunzi hupewa pikipiki ndogo ya kujifunzia. Uingereza, tangu mwaka 1990, anayeanza haruhusiwi kuingia barabarani peke yake mpaka amalize mafunzo ya awali ya lazima: kwanza kiwanjani, kisha si chini ya saa mbili barabarani akifuatana na mwalimu. Shule za huko hukodisha pikipiki ndogo, maana walitambua kwamba huwezi kumwambia mtu anunue kwanza ndipo ajifunze.

Sasa turudi kwetu. Bodaboda, kama mjuavyo, ilianza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Ilipoingia kwetu ikiwa pikipiki, iliingia kwa kasi. Toyo, SanLG, Boxer na TVS zikaenea mpaka vijiji visivyowahi kuona basi. Sheria ya Usalama Barabarani tuliyokuwa nayo ni ya mwaka 1973, wakati pikipiki ilikuwa chombo cha tarishi, bwana afya na padri wa misheni. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zikaja mwaka 2010, chini ya SUMATRA, na tangu mwaka 2019 shughuli hizo ziko chini ya LATRA. Kwa hiyo sheria ipo, na leseni ipo. Ninalouliza mimi ni jambo dogo zaidi: huyo kijana, kabla hajaipata leseni, anajifunzia juu ya pikipiki ya nani?

Swali hilo lilinipeleka Kisarawe.

Kisarawe si Kibaha. Kibaha iko juu ya barabara kuu ya Morogoro, na hatari yake ni basi na lori. Kisarawe iko juu ya vilima vya Pugu. Lami ya mjini ina miteremko, na ukiiacha lami ukaelekea vijiji vya upande wa Maneromango unakutana na mchanga mzito wakati wa kiangazi na udongo wa utelezi wakati wa mvua. Huko bodaboda ndiyo basi, ndiyo teksi, ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo punda wa mihogo na mkaa. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, hakuna mtu anayeuliza kama dereva ana leseni.

Nilikutana na kijana mmoja kijiweni. Simtaji jina. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, maana una vyuma ndani. Akanisimulia habari zake bila kujihurumia.

Alijifunza kwa usiku mbili. Rafiki yake alimwazima pikipiki baada ya kazi, saa nne usiku, wakaenda kwenye kiwanja cha mpira kwa mwanga wa mbalamwezi. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, yaani tajiri ameinunua, na mwendeshaji anapeleka hesabu ya kila siku mpaka muda ulioandikwa uishe ndipo iwe yake. Kwa hiyo rafiki alimwendea mbio pembeni akimlilia: "Taratibu! Usiiangushe! Usiniue!" Kwa hofu hiyo alijifunza kuondoka, kubadili gia na kusimama taratibu. Hakujifunza kusimama kwa dharura. Angejifunzaje? Nani atajaribu kufunga breki kwa nguvu juu ya pikipiki ya watu?

Siku ya tatu akapata mkataba wake, hesabu shilingi 8,000 kwa siku. Juma la tatu, mvua ikinyesha, alikuwa akishuka mlima na abiria mmoja, mama aliyetoka kliniki. Lori likaingia barabarani mbele yake. Akakanyaga breki ya nyuma kwa uzito wake wote. Tairi likaserereka, pikipiki ikaenda ubavu, na wote wawili wakaingia mtaroni. Yule mama alivunjika mkono. Kijana alivunjika mguu mahali pawili.

Nikamwuliza: "Na breki ya mbele?" Akanitazama kama ninamtega. "Breki ya mbele si huwa haiguswi, mama?"

Tajiri alidai pikipiki yake. Mama yake kijana alikuwa na mikorosho kidogo, na korosho za msimu mzima zikaishia kwenye taa, usukani na rimu ya pikipiki ya mtu. Yule mama wa kliniki, anaambiwa, bado hawezi kutwanga.

Nikadhani nimefika mwisho wa habari, nikamwuliza kama hakuwahi kupata mafunzo yoyote. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa cheti, kimetiwa nailoni. Alihudhuria semina ya siku moja, baada ya ajali. Ilikuwa ukumbini, watu wapata 100. Walionyeshwa picha za alama za barabarani, wakaambiwa wasipakie mishikaki, wavae helmeti, wasinywe pombe. Walipewa soda, wakapewa cheti. Nikamwuliza pikipiki zilikuwa ngapi. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Zilikuwapo nyingi, mama. Nje, kwenye maegesho."

Ndugu wasikilizaji, sidharau alama za barabarani. Asiyejua alama ya kusimama hana haki ya kuwa barabarani. Wala siwalaumu walioandaa semina ile, walifanya kwa uwezo waliokuwa nao. Lakini hakuna anayefundishwa kuogelea ukumbini. Tukimpa mtu cheti cha pikipiki bila kumpandisha pikipiki, tumempa karatasi ya kumwonyesha trafiki. Breki haisomi karatasi.

Najua wako watakaoniuliza: je, mafunzo yanapunguza ajali kweli? Ni swali halali, na nisingependa kuwadanganya. Mwaka 2010 wataalamu wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti za tiba na afya, walipitia tafiti 23 za mafunzo ya pikipiki kutoka nchi mbalimbali. Walisema tafiti nyingi zilikuwa dhaifu mno kiasi kwamba haikuwezekana kukata shauri. Wapo pia wenye mashaka kwamba mtu akifundishwa ufundi mwingi huota pembe, akaanza kujaribu asiyoyaweza. Niliona dalili hiyo kwangu mwenyewe siku ile ya pili, nilipozunguka koni mara tatu nikajiona hodari.

Kwa upande wa helmeti mambo ni wazi zaidi. Wataalamu hao hao, katika mapitio yao ya mwaka 2008, walikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni helmeti iliyofungwa mkanda kidevuni. Ile inayoning'inia kwenye usukani kama kibuyu cha mgema haimkingi mtu.

Tena si kila ajali ni kosa la bodaboda. Ule uchunguzi wa Profesa Hurt ulionyesha kwamba pikipiki ilipogongana na gari, mara mbili kati ya tatu gari ndilo lililomnyima pikipiki haki ya njia. Sisi wenye magari tujitazame kwenye kioo chetu.

Kwa hiyo sisemi kwamba siku tano uwanjani zitafuta ajali. Nasema jambo dogo zaidi. Tunapowaambia vijana "nendeni mkajifunze", basi tuwe tumewawekea kitu cha kujifunzia. Mtu akienda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa penye makazi ya watu, anapita mita 14 hivi katika sekunde moja. Katika sekunde hiyo hakuna nafasi ya kukumbuka semina. Mkono hufanya kile mkono ulichozoea. Ndiyo maana nataka mkono uwe umezoea jambo la kweli.

Mtaniuliza, pikipiki hizo zitoke wapi? Serikali ina mambo mengi, halmashauri hazina fedha. Nimefikiri, na nina mapendekezo matatu, yote ya bei nafuu.

La kwanza: pitia kituo chochote kikubwa cha polisi, utaona pikipiki zilizokamatwa zimerundikana, zinaota majani mpaka kwenye kiti. Ambazo wenyewe hawakujitokeza na sheria imeruhusu ziuzwe, chache kati yake zitolewe kwa mafunzo badala ya kwenda zote mnadani. Kwa kuangukia, pikipiki iliyobonyea tangi inatosha, mradi breki, matairi na nyaya ziwe mpya.

La pili: halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vingi vya vijana hukopeshwa pikipiki. Basi kikundi kikipewa pikipiki 10, masharti ya mkopo yaseme kwamba hakuna anayekabidhiwa ufunguo kabla hajapita uwanjani mbele ya mwalimu. Anayekopesha ana haki ya kulinda mali yake, na hapa kulinda mali ni kulinda mguu wa mtu.

La tatu ni kwa matajiri wa mikataba. Ndugu yangu tajiri, unampa kijana chombo cha mamilioni ya shilingi ukimwuliza tu, "Unajua?" Naye hujibu, "Najua," kwa sababu ana njaa. Lipa ada yake ya siku tano, uikate kidogo kidogo kwenye hesabu. Itakugharimu kidogo kuliko rimu, na itakupunguzia kesi.

Vijiwe vyenyewe viko tayari kwa kazi hii. Vina wenyeviti, vina makatibu, vina mifuko ya kuzikana. Shirika la Amend, linaloshughulikia usalama barabarani barani Afrika, lilikwisha kuvichunguza vyama vya bodaboda hapa Tanzania, katika kazi iliyotoka mwaka 2015, likitazama jinsi vinavyoweza kuwa njia ya kuleta usalama. Kijiwe kinachoweza kuchanga sanda kinaweza kuchanga pikipiki moja kuukuu ya kujifunzia. Na ni bora kuchangia ya kwanza au ya pili? Jibu mnalo.

Msikilizaji wa mjini unaweza kusema hayakuhusu, una daladala, una gari. Lakini nani anampeleka mtoto wako shule asubuhi unapochelewa? Nani anakuletea mzigo kutoka Kariakoo? Hospitali ya Tumbi pale Kibaha imezoea tangu zamani kupokea majeruhi wa barabara ya Morogoro, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili inawajua vizuri wateja wa bodaboda, waendeshaji na abiria. Vitanda hivyo havibagui mwenye gari na asiye nalo.

Namaliza. Siku ya tano tulifanya mtihani. Vijana wote 6 walifaulu. Muuguzi alifaulu. Bwana shamba alirudia koni, akafaulu. Mimi nilifaulu breki, nikashindwa kugeuza kwenye njia nyembamba bila kushusha mguu, na mwalimu hakunionea haya: "Dada, rudi juma lijalo." Nilirudi, na nilishusha mguu tena. Mara ya tatu nilipita.

Baada ya hapo nilikwenda Maili Moja kumtafuta yule kijana aliyeniuliza maswali yake mawili. Nikamwambia, sasa nimeendesha, na nimeyaona mafunzo. Akauliza, "Uliangusha?" Nikasema, niliangusha. "Ulilipa shilingi ngapi?" Nikasema, sikulipa.

Akanyamaza kidogo, akaitazama pikipiki yake, ya mkataba, inayong'aa, miezi 7 bado imebaki. Akasema: "Basi mama, hayo ndiyo uyaseme redioni."

Nami nimeyasema. Mpaka juma lijalo, ndugu wasikilizaji, nakutakieni safari njema, na mkanda wa helmeti uwe chini ya kidevu. Kwaherini.